Mwezi wa Nyeri na Ushahidi wa Watu wa Falaki

Twataka leo kuwaeleza jambo tulilolikuta katika safari yetu ya bara, kisha tulipime pamoja nanyi kwa mizani ya akili. Kwani ndani yake mna suala lililo kubwa kuliko jambo lenyewe.

Mwezi 29 Ramadhani ulitukuta Nyeri. Asiyeujua mji ule na ajue kuwa umekaa baina ya milima: upande wa mashariki na kaskazini ni Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na upande wa magharibi ni safu ya Nyandarua, ambayo kilele chake cha juu chapata mita 4,001. Mwezi mwandamo hutafutwa magharibi, pale jua linapochwea. Na magharibi ya Nyeri hapana upeo, bali pana ukuta wa mlima, na juu ya ukuta pana mawingu. Basi Waislamu wa mji huo, kama tulivyoelezwa na wenyewe, hufunga na kufungua aghalabu kwa khabari za wenziwao: wa Isiolo, ambako mbingu ni kavu na wazi, au wa Nairobi, au wa kwetu pwani. Si kwa uvivu wao. Ndipo mahali walipowekwa na Mola wao.

Jioni ile baada ya Magharibi simu zikaanza kulia. Khabari ilikuwa kwamba katika mji mmoja wa pwani mtu mmoja ameuona mwezi. Takbiri zikaanza. Hapo akasimama kijana mmoja, mwalimu wa hisabu katika skuli ya sekondari, akasema kuwa jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa jioni ile, katika nchi yetu yote, mwezi ulikwisha kutua kabla ya jua. Akatoa karatasi yenye saa na dakika. Kisha akaongeza neno ambalo lau angelimeza ingekuwa kheri: akasema kuwa aliyedai kuuona mwezi ni mwongo. Pakawa na kelele. Mtu mmoja akamwita yule kijana mwenye kuabudu nyota. Asubuhi yake mji wenye Waislamu wachache kiasi kile ukawa na Idi mbili, na katika nyumba tuliyofikia babu alikula na mjukuu akafunga. Kwani yule kijana alikuwa mjukuu wa mwenyeji wetu.

Usiku wake mzee wetu alituuliza, kwa sauti ya mtu aliyefikiri sana: "Masheikh zangu, mimi sikuuona mwezi, na mjukuu wangu hakuona kitu. Mimi nimeuamini ulimi wa Mwislamu, naye ameiamini karatasi. Je, ni haki nimkadhibishe Mwislamu kwa ajili ya karatasi ya watu nisiowajua?"

Twakiri kuwa usiku ule hatukumjibu. Jambo la hukumu ya saumu lina wenyewe, nao ni mafaqihi na makadhi, na ukurasa huu si wa fatwa. Lakini suala la mzee si la saumu peke yake. Ni suala la kila ilimu: mtu aamini vipi asichokiona? Na asidhani msomaji kuwa limemhusu mzee wa Nyeri tu. Sote twasema kuwa jua ni nyota miongoni mwa nyota, na kuwa nuru yake hutufikia baada ya dakika 8 na sekunde 20 hivi. Ni nani katika sisi aliyepima? Tumeziamini ndimi za watu, kama alivyouamini yeye ulimi wa mtu.

Wako watakaosema kuwa dawa yake ni nyepesi: mtu asiamini ila alichokiona kwa macho yake mawili. Hao twawaalika Nanyuki.

Siku ya tatu tulifika huko. Mstari wa ikweta wapita karibu na mji, na kando ya barabara pana kibao cha kuuonyesha, na chini ya kibao wapo vijana wenye mabeseni yaliyotobolewa katikati. Kijana huenda hatua ishirini upande wa kaskazini, akamimina maji, akatia kijiti. Maji yakitoka tunduni, kijiti huzunguka upande mmoja. Huvuka mstari, akaenda hatua ishirini upande wa kusini, na kijiti huzunguka upande wa pili. Akisimama juu ya mstari wenyewe, kijiti hakizunguki. Wageni hupiga picha, hulipa, na hurudi kwao wakiapa kuwa wameiona nguvu ya ikweta kwa macho yao. Sisi tulimwomba kijana atuachie beseni. Tukayamimina maji kwa ubavu wa pili, na kijiti kikazunguka kinyume cha alivyotuambia, hali hatukusogea hata hatua moja. Akacheka, nasi tukacheka, na ujira wake tukampa.

Nguvu ya mzunguko wa dunia ni kweli. Ndiyo izungushayo tufani kubwa za bahari, upande huu kaskazini na upande huu kusini. Lakini katika beseni dogo, hatua ishirini kutoka mstari, ni hafifu mno hata haiwezi kukigeuza kijiti. Kinachokigeuza ni mkono wa mwenye kumimina. Basi wageni wale hawakusema uongo. Waliona walichokiona. Kosa halikuwa katika jicho, bali katika neno walilolipachika juu ya jicho. Na twamwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani ndilo tutakalomrudia nalo mzee wetu.

Ama khabari ya watu wa nyota, kwanza hatuna budi kulisafisha neno. Katika mwambao wetu neno falaki limeharibiwa. Ukisema fulani ajua falaki, mtu wa kawaida hufahamu kuwa fulani hufungua kitabu, huuliza jina lako na jina la mamako, akajumlisha harufi, kisha akakuambia kuwa nyota yako ni ya moto au ya maji, na kuwa safari yako isiwe Jumanne. Hayo ni utazamiaji, na walimu wetu waliyapiga vita kwa haki. Lakini manahodha wetu walikuwa na falaki nyingine: walihisabu siku tangu Nairuzi, wakajua lini kusi na lini kaskazi, na usiku wakaelekeza vyombo vyao kwa nyota. Falaki hiyo ilijaribiwa baharini, na aliyekosea aligonga mwamba. Tofauti ya falaki hizi mbili ndiyo hiyo: moja yaweza kugonga mwamba na nyingine haigongi kamwe. Mtazamiaji akikuambia kuwa utapata kheri baada ya dhiki, ni siku gani utakayoweza kumwambia kuwa amekosa?

Wataalamu wa falaki ya kweli huandika maneno yao kabla, kwa siku na dakika, wakayaacha hadharani kama mtu aliyeweka rahani. Waliandika miaka mingi mbele kuwa Jumapili tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha mwezi kingepita Gabon, Kongo na Uganda, kikaingia Kenya kwa upande wa Turkana, na kuwa jua lingefunikwa lote huko kwa sekunde chache tu. Ikawa hivyo. Nyeri jua lilimegwa upande tu, na hilo nalo lilikwisha andikwa. Na wasomaji wetu waikumbuka khabari ya jua kupatwa Madina siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.). Watu walisema kuwa jua limepatwa kwa msiba ule, naye, pamoja na huzuni yake, akalikataa neno hilo, akawafunza kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Mtazamiaji angelinyamaza, maana neno lile lilikuwa la kumtukuza.

Lakini tusiwape watu hawa heshima isiyokuwa yao. Nao hukosea, na kukosea kwao ndiko kulikotuzidishia imani nao kuliko kupatia kwao. Tazama jua lenyewe. Juu ya uso wake, wenye joto la digrii 5,500 hivi, hutokea madoa meusi ambayo huzidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 kwa wastani. Jambo hili lilitambuliwa na Heinrich Schwabe, Mjerumani, mwaka 1843, baada ya kuyahisabu madoa hayo miaka mingi. Mzunguko uhisabiwao kuwa wa 25 ulianza Disemba 2019. Mwaka ule jopo la wataalamu likatangaza kuwa mzunguko huo ungekuwa dhaifu, na kuwa kilele chake kingefika Julai 2025 kwa hisabu ya madoa 115. Jua halikusoma tangazo lao. Kilele kilikuja mapema, karibu na Oktoba 2024, na hisabu yake ikapata 160 hivi. Kabla ya hapo, tarehe 10 Mei 2024, tulifikiwa na tufani ya jua ambayo haikuonekana mfano wake tangu mwaka 2003. Mbingu zikawa nyekundu katika nchi ambazo hazikuzoea, na mitambo ya kuongoza matrekta kwa setilaiti huko Marekani ikapotea njia. Jopo lilificha kosa lake? La. Tangazo la kwanza lingali limehifadhiwa pale pale kando ya hisabu za kweli, na kila mwenye macho alinganishe. Chombo chao kiitwacho Parker kilifika tarehe 24 Disemba 2024 umbali wa kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua, karibu kuliko chombo chochote kabla yake, na moja ya sababu za kukipeleka ni kuwa wamekiri kuwa tabia za jua hawajazijua vizuri.

Hapa twapenda kuwakumbusha jambo la kwetu, maana wengi wadhani kuwa ilimu hii hufanywa mbali tu. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, jukwaani San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti ikaitwa jina letu la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kufanywa kwa ajili ya kuchunguza mbingu kwa mionzi ya eksirei peke yake. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na uchunguzi wake wa kitu kiitwacho Cygnus X-1 ulikuwa katika sababu za wataalamu kuamini kuwa yako mashimo meusi, ambayo hata nuru haitoki ndani yake. Riccardo Giacconi, aliyekuwa mkubwa wa kazi hiyo, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wavuvi wa Malindi waliona moshi. Ulimwengu ukaona yaliyokuwa yamefichikana. Laiti watoto wetu wangelikuwa wakisomeshwa hayo.

Tukienda mbali zaidi, kwenye galaksi, imani yetu yapaswa ipungue daraja, na wenye ilimu wenyewe ndio wanaotuambia ipungue. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi aliandika katika kitabu chake cha nyota kuwa katika kundi la Andromeda pana kitu kama wingu dogo. Hakudai zaidi ya alichokiona, Mungu amrehemu. Karibu miaka elfu ikapita. Mwaka 1912 bibi mmoja wa Marekani, Henrietta Leavitt, alichapisha kanuni ya kujua mwangaza wa kweli wa nyota fulani kwa muda wa kuwaka na kufifia kwake, naye aliitoa katika nyota za wingu dogo la Magellan, lile lionekanalo kusini usiku usio na mbalamwezi. Kwa kanuni hiyo Edwin Hubble, mwaka 1923 na 1924, alijua kuwa wingu la al-Sufi si wingu, bali ni galaksi kamili yenye nyota zake, na leo umbali wake huhisabiwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Usiku mmoja Nanyuki mawingu yalifunguka nasi tukaona njia nyeupe ya nyota kutoka upande hata upande, na kwa kuwa mahali pale ni ikweta, hapana nyota ya kaskazini wala ya kusini iliyo haramu kuonekana. Twasema kweli kuwa hofu ilituingia.

Na hapa ndipo palipo na ikhtilafu yao kubwa. Wakubaliana kuwa galaksi zaachana. Lakini kasi ya kuachana hiyo, wakiipima kwa njia ya nuru ya kale kabisa wapata kilomita 67 hivi kwa sekunde kwa kila umbali wa miaka ya nuru milioni 3.26, na wakiipima kwa nyota za Leavitt na nyota zinazopasuka wapata 73 hivi. Wamepima tena kwa darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, na tofauti haikuondoka. Darubini hiyo hiyo mwaka 2024 ikawaonyesha galaksi ambayo nuru yake ilitoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 300 hivi tu, na ni yenye kung'aa kuliko walivyotaraji, ikawabidi wafikiri upya namna galaksi za mwanzo zilivyokuwa.

Twawaonya hapa ndugu zetu wenye haraka, ambao kila kukitangazwa jambo la mbinguni hukimbilia kusema kuwa limo katika Kitabu chetu tangu zamani, wakalifunga lile jambo pamoja na aya kwa kamba moja. Nia yao ni njema. Lakini jambo lile likibadilishwa kesho na wenyewe walioligundua, hao wataifanya nini kamba yao?

Basi na turudi kwa mzee. Mwezi si kama tufani za jua wala kama kasi ya galaksi. Mwendo wake wajulikana zaidi ya kitu chochote cha mbinguni: kutoka kuzaliwa hata kuzaliwa ni siku 29, saa 12 na dakika 44 kwa wastani, na tangu mwaka 1969 viko vioo juu ya uso wake ambavyo humulikwa kwa nuru kutoka duniani, umbali wake ukapimwa kwa sentimita. Ama kuonekana kwake kwa macho ni jambo jingine. Hilo lategemea hewa na mawingu, na umbali wa mwezi na jua, ambao Mfaransa André Danjon aliukadiria tangu miaka ya 1930 kuwa ukipungua digrii 7 hivi mwezi hauonekani. Kwa hivyo mwenye hisabu aweza kusema kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, pale ulipokwisha kutua kabla ya jua. Lakini hawezi kusema kwa yakini kuwa utaonekana. Katika kukanusha ana yakini, na katika kuthibitisha ana dhana.

Jambo hili si la wazungu wala la kompyuta. Imamu Taqiyuddin as-Subki, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1355, alisema kuwa hisabu ikionyesha kwa yakini kutowezekana kuonekana kwa mwezi, ushahidi wa anayedai kuuona haukubaliwi. Wako katika mafaqihi wa madhehebu hayo hayo waliompinga, nasi hatuwaficha. Lakini asiambiwe kijana wa Nyeri kuwa ni mwenye kuabudu nyota kwa neno ambalo imamu alilisema zamani zile.

Wala yeye naye hakuwa na haki ya kusema neno lake la pili. Yasimuliwa kuwa Anas bin Malik (r.a.), akiwa mzee sana, alikuwa pamoja na watu wakitafuta mwezi, akasema ameuona na akauelekezea kidole, na hapana mwingine aliyeuona. Iyas bin Muawiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi zake umepinda mbele ya jicho. Akaupangusa kwa adabu, kisha akamwomba aonyeshe tena. Anas akatazama, akasema hauoni. Ni nani atakayemwita sahaba wa Mtume mwongo? Na ni nani, baada ya unywele kupanguswa, atakayefungua kwa mwezi ule?

Haya ndiyo tuliyomwambia mzee wetu siku ya kuagana, mjukuu wake akiwa ameketi mlangoni. Tulimwambia kuwa yule mtu wa pwani huenda aliona kipande cha wingu lililoshika nuru ya jua, au moshi wa ndege, kama wageni wa Nanyuki walivyoona kijiti kikizunguka. Kumkatalia mwezi wake si kumkadhibisha ulimi wake. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akamgeukia kijana, akasema, "Ungenipangusa unywele, mwanangu. Wewe ulinipiga kofi." Kijana akainama, akamshika babu yake mkono, akaomba radhi.

Lakini mzee hakuwa mtu wa kuridhishwa kwa maneno. Akauliza ni lini tena watu wa karatasi watakapoweka rahani yao hadharani. Mjukuu akamwambia kuwa Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kivuli kitapita Misri na juu ya Makka yenyewe, ambako patakuwa giza la mchana kwa muda wa dakika tano hivi, na Nyeri litamegwa upande tu. Mzee akaleta daftari la chuo, akaandika tarehe kwenye jalada la nyuma, akataka aandikiwe na saa na dakika ya Nyeri. Kisha akatazama nje, ambako Nyandarua ilikuwa haionekani, akasema kuwa Agosti kwao ni mwezi wa ukungu, na kuwa itambidi amwombe mtu wa Isiolo amtazamie.